Kamba ya Mafundo Thelathini

Pamba iliyoanikwa juani ina harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu, harufu inayokwama kooni mpaka usiku. Wengi hawaipendi. Mimi naipenda, na najua sababu: ilikuwa harufu ya nguo za baba. Wakati huo wa Wabelgiji kila mwanamume wa upande wetu wa Kabambare alikuwa na shamba la pamba, apende asipende, na baba hakupenda, lakini alilima. Mama alikuwa ameachana naye na kurudi kwa kaka yake, kijijini Wamaza, pamoja nasi watoto watatu: mimi Sifa, mdogo wangu Petro, na Zawadi aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baraza la chifu lilikuwa limeamua kwamba kila mwaka baba atoe vikapu viwili vya mpunga kwa kila mtoto, nusu baada ya kuvuna mpunga, nusu baada ya kuuza pamba. Kwa mama, ile nusu ya pili ndiyo iliyotuvusha hadi mpunga mpya. Ikipungua, tulikula muhogo na majani yake tu, asubuhi muhogo na jioni muhogo, na Petro alikuwa analia kwa sauti ya kuudhi kweli.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kama kumi. Msimu wa kuvuna pamba ulipofika, baba alituma mtu atuchukue mimi na Petro. Nilifurahi mpaka nikasahau kumuaga mama vizuri. Siku ya kwanza baba alinipa uzi mrefu wa kamba, akaniambia kila jioni nifunge fundo moja, tujue tumekaa siku ngapi. Nilidhani ananipa cheo. Kila jioni, vidole vikiwa vimechomwachomwa na maganda makavu ya pamba, niliketi karibu na moto nikafunga fundo langu na kulivuta kwa meno likaze. La siku ya Mungu nililifunga mara mbili, liwe nene, kwa sababu siku hiyo hatukwenda shambani. Baada ya sala baba alitupeleka mtoni Luama, akatuogesha kama watoto wadogo, akatuchomea samaki, na Petro alilala mapajani mwake huku mdomo umejaa. Sijui kama nimewahi kushiba vile tena. Tulipomaliza siku thelathini, pamba ikiwa imejaa magunia, nilimrudishia baba kamba yake kwa mikono miwili.

Wiki chache baadaye baba aliuza pamba na kutuletea mpunga. Mama alitegemea vikapu vitatu. Kilikuja kimoja na nusu.  Mama alimfunga Zawadi mgongoni, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu mpaka barazani. Siku shauri liliposikilizwa baba alisimama amevaa shati lake safi, akaitoa kamba yangu mfukoni, akaiinua watu wote waione.

“Wazee, muhesabu wenyewe. Watoto wawili, siku makumi tatu, kila mutoto kopo moja ya muchele kwa siku. Makopo makumi sita, ni kikapu moja na nusu. Kile walikula kwangu, nitalipa tena mara ya pili?”

Watu walinong'ona kwamba ana haki, na kusema kweli hata mimi niliona ana haki. Lakini sikuwa nikiwaza mpunga. Nilikuwa naitazama kamba na uso unaniwaka moto. Nilidhani tulikuwa tunahesabu siku za kukaa pamoja.

Mama alijibu polepole. “Walikula, ni kweli. Lakini pamba yako nani alivuna?”

Mzee aliyekuwa akiamua mashauri, mtu mkavu asiyecheka ovyo, aliniita mbele. “Mutoto wangu, usiogope. Kwa baba yako mulikuwa munafanya kazi gani?”

Nilimtazama baba. Yeye alitazama chini. Nilijua nikisema nitampoteza, na nikinyamaza tutarudi kwenye muhogo.

“Tulikuwa tunavuna pamba.”

“Kila siku?”

“Kila siku, ila siku ya Mungu.”

Mzee aliwageukia wenzake, wakanong'onezana, kisha akasema kwamba mtoto anayefanya kazi amekula jasho lake mwenyewe, siku hiyo isikatwe. Akaichukua kamba kwa baba, akaanza kuyafungua mafundo membamba ya siku za kazi, lakini nilikuwa nimeyakaza mno, kucha zake zikashindwa. Akanirudishia kamba. “Fungua wewe mwenyewe.” Niliyafungua kwa meno yale yale, ishirini na sita, baraza zima likinisubiri. Yalibaki manne manene. Kwa hayo baba aliruhusiwa kukata makopo manane. Mengine aliyalipa yote, hakubishana, na mwaka ule hatukulala njaa. Msimu uliofuata hakutuma mtu kutuchukua, wala uliofuata huo. Niliposikia ameita vibarua, nililia nyuma ya jiko la mama.

Sasa nina wajukuu, naishi Kasongo. Mjukuu wangu mmoja ameachana na mumewe, na juzi nilimsindikiza mahakamani. Hakuna kamba, kuna karatasi, na karani anauliza mtoto analala siku ngapi kwa baba, siku ngapi kwa mama, ili wajue cha kukata. Ni vizuri. Karatasi inauliza mengi kuliko kamba, na wanawake hawaendi tena mwendo ule kwa miguu na mtoto mgongoni. Nimeifikiria hukumu ya yule mzee miaka mingi na sijaona kosa ndani yake. Mama alistahili kila punje. Ila yale mafundo manne bado yananiuma. Siku zile za Luama nilidhani baba alitupatia bure.