Picha ya Mguu wa Mama

Harufu ya dawa ya vidonda hunirudisha hospitali ya Arua, Uganda, siku nilipofuatana na mama kutoka Koboko. Alikuwa na kisukari. Kidonda cha kidole gumba cha mguu hakikumuuma hata kidogo, kwa hiyo alikataa kukatwa kidole hicho.

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Mfupa mmoja ulikuwa umeliwa pembeni, kama punje ya mahindi iliyobunguliwa.

"Mama, ugonjwa iko ndani ya mufupa," alisema. "Tukiacha, itapanda juu."

Mama aliitazama picha, kisha akanishika mkono.

"Kata," alisema. "Mimi nataka kutembea na huyu mutoto."

Msimu wa kupanda ulipofika, alitangulia shambani akichechemea peku, nami nikakanyaga nyayo za mguu wake wenye vidole vinne.