Picha Nzuri Kuliko Baba

Mdogo wangu ni fundi lifti, na kama angebaki fundi lifti tu, leo mimi ningekuwa mtu mtulivu. Kazini wanamsifu. Lifti ikikwama na watu ndani, yeye huwaongelesha kupitia mlangoni, taratibu, mpaka wanaacha kupiga makelele, kisha anawatoa mmoja mmoja. Nyumbani ni habari nyingine. Nyumbani ana kamera, na tangu aipate, hakuna aliyekula chakula cha moto mbele yake.

"Subirini," atasema, wakati tonge liko njiani kwenda mdomoni. Anasogeza sahani. Anaondoa jagi la maji, eti linaharibu. Anafungua pazia, anafunga pazia, anapanda juu ya kiti. Mchuzi unatanda utando, sisi tumekaa mikono magotini, na njaa inatuuma. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Subiri. Jina limemganda hata bosi wake analitumia.

Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, na Baba hukaa barazani, mlango wazi katikati yetu. Baba alikuwa fundi rangi, nusu ya kuta za mji huu zimepita mikononi mwake. Sasa kumbukumbu inamtoka. Anakuuliza jambo, unamjibu, na kabla hujatunga uzi kwenye sindano anakuuliza tena lilelile. Daktari alituonya tusimwache atoke peke yake. Tukaitikia, kama watu wanavyoitikia madaktari.

Nimtendee haki Subiri kwanza, maana nikianza kumsema sisimami. Kujua anajua. Jumamosi huja wenzake wa kikundi cha kupiga picha, muuza mbao, karani wa bima, daktari wa meno, wote wanakalia vitambaa vya wateja wangu. Swali lao ni moja: ninunue kamera gani? Na majibu yake ni mazuri mpaka yanaudhi.

"Tumia hiyohiyo uliyonayo," huwaambia. "Usinunue kitu mpaka ujue kile ulichonacho kinakunyima nini. Siku ukinunua, nunua lenzi. Kamera utaibadilisha, lenzi nzuri utazeeka nayo. Na kabla ya lenzi nunua betri ya akiba, maana sijaona lenzi inayopiga picha peke yake."

Kuhusu kuhariri ndiyo kabisa. "Nyoosha iliyopinda. Ongeza mwanga kidogo kama uso uko gizani. Kata pembeni kisichohusika. Kisha inuka, kanywe chai. Ukirudi ukaona kwamba picha imehaririwa, ujue umezidisha, rudi nyuma. Na picha ya asili usiiguse. Fanyia kazi nakala, ya asili iweke mahali pawili."

Nayajua maneno hayo kwa moyo. Lakini wahenga walisema mganga hajigangi, na nadhani walikuwa wamekaa sebuleni kwetu waliposema hivyo. Mtu huyuhuyu ana begi la vifaa zito kuliko cherehani yangu. Ana lenzi ya kuvuta mbali, ana lenzi ya kugeuza kila kilicho nyuma kuwa ukungu, ana vioo vya kuchuja mwanga ambavyo sijawahi kuona kazi yake. Simu hapigii picha, anasema simu si kamera. Na akishaketi mbele ya kompyuta, chai hainywewi. Inapoa pembeni huku yeye anafuta.

Anamfuta Baba. Sitanii. Baba ana kovu linalokata nyusi ya kushoto, alianguka na ngazi akiwa kazini. Ana mabaka mashavuni, ana mifuko chini ya macho, ana shingo ya mzee. Kwenye picha za Subiri vyote hivyo vimeondoka. Ngozi imelainishwa kama sahani iliyooshwa. Rangi nazo anazigeuza, anaziita rangi za sinema, sweta la kijani la Baba linatokea bluu na ukuta wetu mweupe unakuwa wa machungwa.

"Kovu la Baba umelipeleka wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Lilikuwa linavuta jicho, Dada."

"Linavuta jicho kwa sababu lipo!"

"Dada, hii ni sanaa."

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Ukibishana na neno sanaa utazeeka bure.

Siku yenyewe Subiri alikuwa na mapumziko, na mimi nilihitaji zipu na uzi mweusi. Nikamwambia, neno kwa neno, "Nakuachia Baba. Mwangalie." Akaitikia. Niliporudi kiti cha barazani kilikuwa kitupu, na fimbo ya Baba imeegemea ukuta. Subiri alikuwa chumbani, mgongo mlangoni, uso umekaribia kioo cha kompyuta. Alikuwa anaondoa mvi kwenye nyusi za Baba.

"Baba yuko wapi?"

"Si yuko hapo nje," alisema, bila kugeuka.

Sikumpiga. Naliandika hili ili lijulikane.

Tulianza na majirani, tukaenda dukani, tukaenda zahanati. Hofu yangu ilikuwa barabara kuu, kwa sababu Baba huvuka barabara kama enzi zile za baiskeli, haangalii kulia wala kushoto. Tena alikuwa hajameza dawa yake ya mchana, na asipoimeza kizunguzungu humwangusha. Giza likiingia yuko nje, sijui tungemwokota wapi. Subiri aliituma picha yake bora ya Baba kwa kila mtu anayemjua, akaandika chini yake, Amevaa sweta hilihili.

Stendi ya mabasi tulimwonyesha mkata tiketi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, dirishani kwake. Ndani ukumbini wanaingia wasafiri tu, kwa hiyo yeye ndiye anayeona kila anayepita. Aliishika simu ya Subiri, akaitazama kwa makini, hakufanya haraka.

"Huyu bwana wa sweta la bluu? Hapana, dada yangu, huyu hajapita hapa. Ngoja mnitumie hiyo picha. Nikimwona nawapigia."

Tukamshukuru, tukaondoka. Tulitembea mpaka soko lililofungwa, mpaka kwenye majengo mapya, mpaka miguu ikaniwaka. Kila tuliyemwonyesha alitikisa kichwa, na wengine walituangalia kwa mashaka, kwamba mtu mzima mwenye afya vile anatafutwa kwa nini. Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka.

"Nipe picha nyingine," nilimwambia Subiri katikati ya njia. "Ambayo hujaigusa."

Akaguna.

"Za asili ziko wapi? Si unawahubiria watu waweke mahali pawili?"

"Kompyuta ilijaa, Dada. Nilizifuta nipate nafasi."

Nikamnyang'anya simu, nikaanza kuzipekua mwenyewe. Mikono ya Baba imeshika kikombe. Mgongo wa Baba. Baba dirishani, mweusi tii, huoni pua wala mdomo. Baba ambaye miwani yake inaonekana kila mkwaruzo, na nyuma ya miwani uso umeyeyuka.

"Hiyo ilisifiwa sana kwenye kikundi," Subiri alisema kwa sauti ndogo.

"Basi kikundi kikamtafute!"

Watu waligeuka. Waache wageuke. Miaka yote mzee anageuzwa huku na huku kwenye kiti, inua kidevu, shusha kidevu, na siku tunayomhitaji hatuna hata picha moja inayofanana naye. Na mimi simu yangu haikuwa na hata moja. Nani atahangaika kuteka maji na bomba liko ndani?

Simu yangu ikaita. Alikuwa mteja wangu, mwalimu wa chekechea, amefika nyumbani kuchukua gauni na kukuta mlango umefungwa. Nilimweleza huku nalia, sikuwa na aibu tena.

"Lakini mimi ninayo picha yake," alisema. "Ile uliyonipiga juzi kwa simu yangu nikijaribu gauni barazani. Mzee yuko nyuma yangu."

Akaituma. Mwenyezi Mungu anisamehe, ni picha mbaya sana. Nilimkata mwalimu kichwa, nyumba imelala upande, na kwenye kona kuna kitu kikubwa chekundu ambacho ni kidole changu. Lakini nyuma ya gauni amekaa Baba. Kovu lake, mabaka yake, kifungo cha chini alichokifunga kwenye tundu la juu, na sweta la kijani, kijani kweli. Subiri aliitazama, mdomo ukaanza kufunguka. Naujua ule mdomo, ulikuwa unakwenda kusema imepinda. Nilimtupia jicho, akaufumba.

Tukaituma kote. Wa kwanza kupiga alikuwa mkata tiketi.

"Jamani, huyu si yuko hapa! Yuko hapa tangu mchana, nimempa kiti ndani. Anasema anamngoja mwenzake waende kupaka rangi."

Sikumbuki tulivyofika. Nakumbuka ukumbi wenye taa nyeupe na mabenchi ya chuma, na Baba amekaa pembeni ya pipa la taka, kikombe cha chai mkononi, mzima. Nilimshika mabega, nikamshika kichwa, nikamkagua kama kitambaa kilichotoka dukani. Nikamtolea dawa mkobani akaimeza na ile chai. Akaniuliza kama nimekula.

Mkata tiketi naye alikuwa na lake. Alikuwa amefunga dirisha na kutufuata, simu mkononi, na amekasirika.

"Msinione mzembe," alisema. "Mlinionyesha kijana wa sweta la bluu. Mimi nilikuwa na mzee wa sweta la kijani, nimekaa naye, nimemnunulia chai. Ningejuaje? Haya, iangalieni wenyewe hiyo mliyonitumia kwanza."

"Hebu nami nione," Baba alisema.

Akapokea simu. Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika gazeti, akatabasamu.

"Kijana mzuri. Mtoto wa nani huyu?"

"Ni wewe, Baba," Subiri alisema.

Baba akacheka, akatutazama tucheke naye. Hakuna aliyecheka. Kicheko chake kikaisha polepole. Aliirudia ile picha, akaitazama muda mrefu, akapeleka kidole kwenye nyusi yake akakipitisha juu ya kovu, akaitazama tena. Kisha akanivuta karibu ili yule mwanamke asisikie.

"Mwanangu," aliniambia, "nimefika huko? Mpaka sura yangu mwenyewe siijui?"

Tangu mchana nilikuwa nimemwandalia Subiri maneno. Nilikuwa nayo mengi, na yote yalikuwa makali. Badala yake nilikinyoosha kikombe cha Baba, maana chai ilikuwa inamwagika kwenye sweta lake.

Subiri alipiga magoti pale sakafuni, mbele ya wasafiri na mizigo yao.

"Hapana, Baba. Hujasahau. Huyo si wewe. Mimi ndiye niliyekubadilisha. Kovu nimelifuta mimi, kwa mkono wangu, na sweta nimeligeuza rangi mimi. Umeangalia sawasawa, Baba. Kosa ni langu."

"Unanificha tu."

"Sikufichi, Baba. Haki ya Mungu."

"Nanyi watoto mnaficha. Mimi mwenyewe nilimficha mama yangu hivyohivyo."

Subiri alinitazama. Sijawahi kuona uso wake vile, na nimemlea. Akamgeukia mkata tiketi, akamwomba, "Dada, naomba niitumie simu yako," akaichukua mkononi mwa Baba na kumpiga picha hapohapo. Pipa la taka likaingia. Taa nyeupe ilimmulika Baba kutoka juu, mifuko ya macho ikawa myeusi, na kifua kimeloa chai. Hakumwambia ainue kidevu. Hakugusa chochote. Akampa Baba simu.

"Na huyu je, Baba?"

Baba aliangalia. Mimi nilikuwa nimeshika mkanda wa mkoba wangu kwa mikono miwili. Dirishani kwa mkata tiketi mtu alikuwa anagonga kioo.

"Huyu ni mimi," Baba alisema. Akaweka kidole juu ya kioo cha simu. "Kovu hili hapa."

"Ndiyo, Baba."

"Ni mimi kabisa." Akaivuta simu karibu na macho. "Nimezeeka, jamani!"

Akacheka, na safari hii tulicheka wote, hata mkata tiketi. Dirishani mtu alizidi kugonga. Tulimwomba Baba amrudishie mwenyewe simu yake, akasema ngoja kwanza, na akaendelea kujitazama.