Chumvi ya Mama na Kitunguu cha Mwalimu

Harufu ya kitunguu kibichi huwaliza wenzangu. Mimi hunirudisha Temeke ya enzi za Ujamaa, darasa la sita, dirisha halina kioo na upepo unatujazia vumbi la kiwanja cha mpira. Mwaka ule nyumbani kwetu hakukuwa na raha. Mchicha wa Mama, uliokuwa ukitulisha, ulianza kulegea tuta moja kwa jua la kiangazi, na Mama alishampata mbaya wake: Mama Fatu, jirani yetu mtu wa Newala, ambaye walikuwa chanda na pete. “Aliusifia mno,” alisema Mama. “Mtu hasifii hivyo bila kutia jicho. Kikulacho ki nguoni mwako.” Basi kila magharibi akawa anayeyusha chumvi ya mawe kwenye ndoo na kunyunyizia matuta kuondoa husuda, kama alivyofunzwa na mama yake. Mchicha ulivyozidi kulala, naye akazidisha chumvi.

Salamu zikakatika. Wale wawili walizoea kusukana barazani kila Jumamosi, wakisengenya na kucheka mpaka machozi. Sasa Mama Fatu akawa anashinda na kanga kichwani. Mimi nikakatazwa kwenda kwao, na Fatu ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee. Iliniuma, jamani! Tulizungumza shuleni tu, tena kwa kujificha kama wezi.

Ndipo siku moja Mwalimu Rehema, binti mchangamfu asiyekuwa na mchezo na kazi, akaja na hadubini ya kuazima. Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, akatupanga mstari. Nilipoinama kuchungulia, lahaula! Vyumba vidogo vya zambarau, vimepangana kama matofali. Hizo ndizo seli, akasema. Ukuta mgumu wa nje huushikilia mmea usimame, maana mmea hauna mifupa. Nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, kisha ute, na ndani ya ute kiini kinachoongoza kazi zote. Ile zambarau ilikuwa ndani ya mfuko mkubwa wa maji, ambao ukijaa husukuma ukuta, jani likakaza. Na kwenye majani, akaongeza, kuna vidonge vya kijani vinavyopika chakula kwa mwanga wa jua, jambo ambalo sie binadamu hatuliwezi. Halafu akadondosha maji ya chumvi. “Tazameni tena.” Mifuko ilikuwa imesinyaa, utando umebanduka ukutani, chumvi ilikuwa imeyavuta maji nje. Nikaikumbuka ndoo ya Mama. Nikauliza, “Mwalimu, na mchicha je?” Akajibu, “Hata mchicha. Utalala tu.”

Kumwambia mama yako amekosea, enzi zile? Thubutu! Nilichuma majani mawili yaliyobaki mazima, moja nikaliweka kwenye bakuli la maji matupu, jingine kwenye maji ya ndoo yake, nikamwomba aangalie tu. Ugali ulipoiva, moja lilikuwa limekaza, jingine limelegea kama kitambaa kibichi. Mama akayashika moja moja.

“Astaghfirullah,” akasema. “Mwenzangu nimemdhulumu.”

Akajitanda kanga, akatoka, nami nyuma yake. “Hodi, Mama Fatu. Mchicha nimeuua mwenyewe, kwa chumvi yangu. Nisamehe.” Mama Fatu akavua kanga kichwani, nywele zimesokotana vibaya.

“Hebu ona nilivyokuwa! Siku zote hizi nikasukwe na nani? Keti hapo, kitana hicho.”

Siku hizi nakaa Madale. Wajukuu wangu wananionyesha seli kwenye simu, ya rangi, inazunguka, ina sehemu ambazo Mwalimu Rehema hakututajia. Nafurahi kweli, tumetoka mbali. Lakini jirani yangu nilimjua kwa honi ya gari lake tu, na nilishaanza kusema moyoni kwamba anaringa. Wiki iliyopita nikajikaza, nikagonga geti lake. Jirani mwenyewe, kumbe kijana tu, akachungulia kwa wasiwasi.

“Shikamoo, mama. Kuna tatizo?”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusalimia tu.”

Akafungua geti lote. “Karibu sana, mama. Nilidhani mie ndiye msiyemtaka.”