Nyumba Isiyoingia Kitu Kipya

Nyumba yetu ilinuka nyumba za watu. Mgeni alipovuka kizingiti, kabla hajaketi, ilimfikia harufu ya karafuu maiti iliyojificha katika mikunjo ya nguo, kisha ya mbao zilizolowa mvua za miaka ambayo sisi hatukuwapo, kisha ya shaba iliyokwisha kusuguliwa na mikono iliyooza zamani. Mlango wa mbele ulitoka kwenye jumba la mfanyabiashara mmoja wa mji mkongwe wa Bagamoyo, lililoporomoka ukuta wa upande wa bahari. Kitanda nilicholala na mdogo wangu Idi kilikuwa cha bibi kizee wa Pangani aliyekufa bila mtoto. Sufuria, sinia, mbuzi ya kukunia nazi, hata kioo chenye ufa alichojitazamia mama, vyote vilikuwa na wenyewe kabla yetu, na baba aliwajua kwa majina. Tulipoketi kula alitukumbusha sinia ile ilikuwa ya nani na kutuambia tumwombee. Basi sisi watoto tuliwaombea watu wengi, na karibu wote walikuwa marehemu.

Baba yangu, Mzee Sefu, hakuwa fukara. Ujanani mwake alifanya biashara ya boriti za mikoko. Alikuwa na wakataji wake katika mahori, vile vijito vya bahari vilivyo kaskazini ya mji, na boriti zake zilipakiwa kwenda Uarabuni kujengea dari za watu ambao hakuwajua. Fedha aliipata, na nyumba yetu aliijenga kwa fedha hiyo. Lakini mikoko ilipokwisha, bahari ilikosa wa kuizuia. Ikaanza kula ufuko, ikala minazi, ikafika makaburini katika kijiji alikozaliwa, alikozikwa mama yake. Nilikuwa mdogo sana. Nakumbuka tu mchana mmoja baba akirudi amebeba kitu kilichofungwa ndani ya shuka, amekipakata kama mtoto mchanga, na mama akitusukumiza chumbani tusione. Ilikuwa mifupa ya bibi. Baba alimzika mara ya pili, ndani ya mji, mbali na maji. Majirani walimpa pole, wakasema ni kazi ya Mungu. Yeye akawajibu kwamba Mungu hakushika shoka.

Tangu siku hiyo aliacha biashara, akawa fundi wa kutengeneza vilivyovunjika. Akaapa kwamba hakitakatwa, hakitachimbwa wala hakitafumwa kitu kwa ajili ya nyumba yake, maadamu kipo duniani kilichokwisha kutengenezwa na mwenyewe hakitaki tena. Chakula tulinunua, sabuni tulinunua, mafuta ya taa tulinunua. Vinginevyo vyote vilikuwa kuukuu. "Kila kipya mnachokiona dukani," alituambia, "kuna kitu kilikufa ndipo kikapatikana." Na tukimwonyesha viatu vya wenzetu vinavyong'aa, alikuwa na methali yake moja aliyoipenda kuliko zote: usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Maduka yenyewe yalikuwa yakianza kupungukiwa, kwa hiyo wako waliomwona mjanja, wako waliomwona bahili, na wako waliosema kwamba ile mifupa imemgusa akili.

Shuleni walituita watoto wa marehemu. Nilizoea, kwani mtoto huzoea hata jiwe ndani ya kiatu. Kitu ambacho sikukizoea kilinipata siku moja nikitoka chuo cha Kurani, nimevaa gauni la maua madogo ya zambarau ambalo baba alikuwa ameniletea wiki ile. Mwanamke mmoja alikuwa akija kutoka upande wa sokoni na kikapu kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alishusha kikapu, akainama, akaushika upindo wa gauni langu na kuugeuza ndani nje, akautazama mshono.

"Hili nililishona mimi," akasema.

Akaniuliza jina langu, nikamwambia Mwajuma. Akaniomba niende mbele hatua chache bila kugeuka, anione kwa nyuma. Nikaenda. Nilisikia akianza kulia, nami nikaendelea kutembea kwa sababu hakuniambia nisimame. Nyumbani nilimsimulia mama. Alilifua gauni lile, akalikunja, akalirudisha kwa yule mwanamke bila kumwambia baba, na mimi nikarudi kuvaa la zamani lililonibana kwapani.

Mama alikuwa mtoto wa wakulima wa Kerege. Kwao watu walikuwa na vitu vichache kuliko sisi, lakini mtoto alishonewa nguo mpya ya sikukuu hata kama baba mtu atauza kuku wa mwisho. Hakumpinga baba mbele ya watu. Alitengeneza, alitia viraka, alichemsha nguo za wafu kwa majivu mpaka maji yakatoka meupe. Lakini mwaka ambao masika yalikuja mafupi, visima vya mjini vikageuka chumvi, ikabidi maji ya kunywa yatekwe mbali na kuwekwa akiba. Mtungi wetu ukapasuka katika majuma hayohayo. Nilikuwa nimeketi uani nikichambua mchicha walipozungumza.

"Baba Mwajuma," mama alisema, "wafinyanzi wanakuja Jumatano. Niruhusu ninunue mtungi mmoja."

"Tutapata uliotumika."

"Hakuna anayeuza mtungi mzima. Mtu humwachia mwenzake ukishatoboka. Na udongo una kosa gani?"

"Udongo hauna kosa. Kuni za kuuchomea ndizo zenye kosa."

Mama alimtazama, kisha akaendelea kupepeta mchele. Nilijua kwa namna alivyoupiga ungo kwamba maneno yalikuwa hayajamwisha.

Siku chache baadaye baba alirudi na mkokoteni, na juu yake pipa la chuma lililopakwa rangi ya buluu. Alilinunua pale Kerege, kando ya barabara, kwa dereva wa lori aliyetoka bara, upande wa Miono. Alituambia lilikuwa la mafuta ya taa. Tulipomuuliza lilikuwa la nani, maana tulikwisha kuzoea kuuliza, alisema dereva hakujua. Alilisugua siku nzima kwa mchanga, majivu na ndimu, akalisuuza kwa maji ya moto, akaliinamisha juani hadi kesho yake. Mama aliingiza kichwa ndani, akanusa, akasema ile si harufu ya mafuta ya taa. Baba akajibu kwamba chuma kina harufu yake. Likajazwa maji. Akateka kata ya kwanza, akasema bismillahi, akanywa yote mbele yetu, akapangusa ndevu na kutabasamu. Hatukuona kitu. Tukanywa.

Tulikunywa hivyo kwa muda, na hakuna aliyeugua. Nadhani kilichotuponza ni kwamba lile pipa lilitupa muda wa kuliamini. Mvua zikaendelea kukosekana, maji yakashuka ndani yake, na kata ikaanza kugonga chini, kwenye mshono wa chuma ambao mkono wa baba haukuufikia. Kuku wakafa kwanza. Mama alikuwa amewamiminia masalia ya maji kwenye kifuu, na adhuhuri tukawakuta wamelala ubavu, mabawa wazi. Baba alikuwa akijiandaa kwenda Makurunge kutengeneza paa la mtu. Aliwatazama, akasema ni mdondo, akaagiza wafukiwe, akaenda zake. Mdondo ulikuwa umepita mtaani mwezi uleule, basi hata mama alikubali.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na kichefuchefu, nikadhani ni njaa. Idi, aliyekuwa hajatimiza miaka mitano na aliyependa maji kuliko uji, alikuwa amekunywa kikombe chake na changu. Nilimkuta ameketi chini ya dirisha, mate yakimtoka kama mtoto anayeota meno, amelowa jasho ilhali upepo ulikuwa ukivuma. Nilimwita. Alinigeukia, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Kisha mwili ukaanza kumkakamaa. Mama alimbeba mgongoni, akaenda naye hospitali mbio bila viatu, nami nyuma nikitapika njiani. Walimlaza, wakamchoma sindano, wakauliza amekula nini. Mama alitaja uji, akataja muhogo. Hakutaja maji, kwani nani huhesabu maji? Kabla ya adhana ya adhuhuri Idi alikuwa amekwisha.

Baba aliitwa kutoka Makurunge. Bwana afya alikuja naye mpaka nyumbani, akazunguka jikoni na uani, akafika kwenye pipa. Alifungua, akavuta pumzi mara moja, akafunga. Akamuuliza baba kwa upole limetoka wapi. Baba akamwambia. Bwana afya akachukua kisu, akaikwangua ile rangi ya buluu ubavuni, na chini yake pakatokea maandishi yaliyofutika nusu. "Mzee," akasema, "hii ni dawa ya kuulia wadudu wa pamba." Baba aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukiacha hapo, kama mtu anayemzuia mwingine asiinuke.

Wanaume walikusanyika barazani, wanawake ndani. Wakati wa kukafini ulipofika, baba alifungua sanduku lake, akatoa shuka nyeupe iliyokuwa ya ami yake, safi, haina hata tundu. Aliwaambia wazee kwamba sheria haikatazi sanda kuukuu, na wazee wakakubali kwamba haikatazi. Hapo sauti ya mama ikatoka chumbani. Haikuwa ya kilio, ilikuwa sauti yake ya kila siku.

"Mwanangu hatavaa cha mtu. Leo hatavaa."

Baba aliikunja ile shuka, akairudisha, akafunga sanduku. Kisha akatoka kwa miguu yeye mwenyewe, akawakataa vijana waliotaka kutumwa, akaenda dukani huku watu wakimngoja. Alirudi na bafta mpya chini ya kwapa, ingali ngumu kwa wanga wa dukani. Ndicho kitu kipya cha kwanza nilichokiona kikiingia kwetu miaka yote ile, na kabla ya magharibi kilikuwa ardhini. Jikoni, katikati ya moshi, jirani mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Mama alisikia. Mimi pia nilisikia, na mpaka leo sijamsamehe, ingawa yeye naye ni marehemu.

Baada ya hitima alikuja mtu kuuliza kama pipa linauzwa. Alisema ataliosha vizuri. "Hata mimi nililiosha," baba alimjibu. Akachukua sululu, akalitoboa juu, chini na mbavuni, akapiga mpaka mikono ikachubuka, kisha yeye na bwana afya wakalifukia mahali mbali na visima. Yule dereva hakuonekana tena barabarani. Baba alikwenda Kerege mara nyingi kumngoja.

Sasa mimi ni bibi, na mjukuu wangu yuko katika kikundi cha vijana wanaopanda mikoko. Mwaka jana walinialika nikawasimulie habari za baba yangu, aliyekataa vitu vipya kabla neno mazingira halijazoeleka midomoni mwa watu. Nilikwenda. Walikuwa wamevaa mitumba iliyowapendeza, iliyotoka nchi ambazo hawatazifikia, nao wanaivaa kwa fahari ambayo sisi hatukuijua. Kando yetu palikuwa na miche ya mikoko imefika kiunoni mwa mtu, pale ambapo utotoni mwangu palikuwa na tope tupu. Niliwaeleza kuhusu boriti, kuhusu mifupa ya bibi, kuhusu milango aliyoitengeneza, wakapiga makofi. Nikawaeleza kuhusu Idi, makofi yakakoma. Sikuwaambia kwamba baba alikosea. Kuhusu bahari alisema kweli, na bahari ile ingali inakula ufuko pale ambapo hakuna aliyepanda kitu.

Msichana mmoja aliyeketi mbele aliinua mkono. Nilidhani ataniuliza kuhusu dawa za mashambani.

"Shikamoo, bibi. Mama yako alimsamehe?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Jumatano iliyofuata mazishi mama alinunua mtungi mpya kwa wafinyanzi, akauweka ukumbini, na baba hakuukataa. Hakuukataa, wala hakunywa maji yake. Tangu hapo mpaka alipokufa, miaka mingi baadaye, kila asubuhi alichukua chupa yake kuukuu akaenda kuteka maji ya kunywa kwenye kisima cha msikiti, hata kilipokuwa bado na chumvi. Kama ulikuwa ukaidi au adhabu aliyojipa, hakumwambia mtu. Na mama, aliyempakulia chakula kila siku, aliyemfulia na kumuuguza, hakuwahi hata mara moja kumwambia, karibu maji.