Mpira wa Juu wa Rejeta

Seremala alikuwa na kichwa kigumu, na mkewe hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Pikapu yake ilikuwa na miaka ishirini na sita. Zamani ilibeba mbao tu, lakini tangu mke aanze kusafishwa damu kwa mashine, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilimpeleka hospitali, mwendo wa saa moja na nusu. Basi la pekee lilipita alfajiri likiwa limejaa, na kwa miguu yake iliyovimba mama wa watu hakuweza kusimama.

Miezi mitatu kabla ya Alhamisi ya mkasa huu, fundi wa gari, ambaye ni mtoto wa dada yake seremala, alifungua boneti akabonyeza mipira ya maji ya injini kwa kidole gumba.

"Mjomba, pampu ya maji imekwisha. Ila tukishafungua, tubadilishe na mipira, na rejeta yenyewe. Vyote vimezeeka pamoja."

"Pampu ndiyo inavuja, badilisha pampu. Mpira una kosa gani?"

"Umelainika. Huu siku yoyote unapasuka."

"Umeuona ukivuja?"

Fundi akabadilisha pampu tu. Mteja mwingine angemfokea, lakini utamfokeaje mjomba aliyekuchongea kitanda cha harusi?

Msimwone bahili, wala mjinga. Miaka thelathini amekula na kulala na mbao, na mbao ina adabu zake: hulia kwanza, hutoa ufa, ndipo ikavunjika. Mtu una muda wa kwenda kutafuta nyingine. Akadhani kila kinachochakaa kitamwarifu hivyo hivyo. Mpira haukumwarifu.

Alhamisi hiyo ilianza vibaya. Jumanne mashine za hospitali ziliharibika, wakarudishwa nyumbani, na nesi akawaonya: "Alhamisi msikose. Kitanda chake ni saa saba. Ikifika saa saba na nusu, nampa mwingine." Sasa uso wa mama ulikuwa umevimba, viatu vimegoma, amevaa ndara za mumewe. Alipumua kama mtu anayepanda kilima, ilhali amekaa tu.

Saa sita na dakika kumi, mahali pasipo na hata kivuli cha kichaka, mpira wa juu ukapasuka. Mvuke ukaziba kioo, mshale wa joto ukalala kwenye wekundu. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini kufika.

Seremala aliufunga mpira kwa vipande vya tyubu na waya, vidole vikiungua, akimlaani fundi, kisha akijilaani mwenyewe. Alipomaliza ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Nyuma kulikuwa na madumu mawili ya maji.

Mwenye gari kuukuu yeyote anajua kwamba injini ikichemka hivyo haitiwi maji baridi. Unangoja saa nzima ipoe. Seremala alijua, na wengine amewafundisha yeye. Lakini akingoja nusu saa iliyobaki, watafika kitanda kimeshakwenda.

"Baba, kifua kinabana," mkewe akasema.

"Vumilia, mama. Dakika moja tu."

Mama alikuwa akilitazama dumu. Yeye aliruhusiwa vikombe viwili tu vya maji kwa siku, na vya leo vilikwisha tangu asubuhi. "Mwenzangu huyu anakunywa bila kupimiwa," akatania, akiigusa dashibodi. Seremala alitaka kucheka, machozi yakawa ndiyo yanakuja. Aliogopa. Hajawahi kuogopa vile maishani mwake.

Akamimina.

Injini ikalia mara moja, tak, basi. Maji yakaanza kuchuruzika ubavuni mwake, kwenye ufa wa chuma chenyewe, mahali pasipofungika kwa tyubu wala waya. Seremala akabaki ameshika dumu. Hakuhitaji fundi wa kumwambia alichofanya.

Saa saba likaja lori la mchanga, limelemewa, likijikokota. Dereva akasimama.

"Kuna nafasi ya mmoja tu, mzee."

Seremala akambeba mkewe akampandisha. Ndara moja ikadondoka, akaiokota, akamvisha. Lori likaondoka na mwendo wake ule ule.

Saa nane kasoro robo simu ikalia.

"Baba, nimefika. Wamempa mtu kitanda, dakika kumi tu zilizopita." Akavuta pumzi kwa shida. "Wanasema nikae kwenye benchi. Mgonjwa wa jioni asipotokea, wataniita."

"Atakosa kuja, mama. Utaona."

"Naogopa kukaa peke yangu. Gari limewaka?"

"Limewaka," akasema. "Niko njiani. Nakaribia."

"Basi uje haraka."

Akaitia simu mfukoni, akaiacha pikapu boneti wazi, akaanza kukimbia.