Mama Aliyekuja Kusikiliza Saa ya Marehemu

Yule mama alibisha hodi mchana kweupe, akakataa maji, akakataa kiti, akaniomba kitu kimoja tu.

"Binti yangu, nimesikia saa ya marehemu mumeo imepona. Naomba uigongeshe niisikie. Nikishaisikia naondoka."

Si kuinunua. Si kuishika. Kuisikia!

Nilikuwa nashona mapazia ya mteja, pini bado ziko mdomoni. Nikamtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Simjui.

Ngoja kwanza niwaeleze hiyo saa, maana msipoielewa mtaona nimerukwa na akili.

Mume wangu alikuwa daktari wa meno. Mtaani walimwita Koleo. Mtu mpole, mcheshi, hanywi, mpira haangalii. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: saa za mkono za zamani, zile za kutia ufunguo, zisizojua betri ni kitu gani.

Hii ilikuwa ya dhahabu, imetengenezwa kwa mkono kabla babu zetu hawajaoa. Ilijua tarehe, ilijua mwezi upi una siku ngapi, hata Februari ya mwaka mrefu iliijua yenyewe bila kukumbushwa. Lakini utamu wake ulikuwa ubavuni. Pale palikuwa na kijiti kidogo. Ukikisukuma, saa inakugongea wakati. Kengele nzito za saa, kengele pacha za robo, kengele nyembamba za dakika. Zilizobaki za aina ile duniani, alisema, ni za kuhesabu kwa vidole.

Tuliuza gari tukainunua. Cheka tu, hata mimi nilicheka ili nisilie.

Kila akirudi kazini ananigongeshea sikioni.

"Umesikia? Nne."

"Nne wakati ni saa kumi?"

"Imezaliwa ughaibuni hiyo, mke wangu. Kuongeza sita ni kazi yako."

Gari hatuna tena, kwa hiyo akawa anatembea kwa miguu kutoka kliniki. Jioni moja hakufika. Walimkuta nyuma ya ghala la mbao, kichwa kimepasuliwa, mkono mtupu.

Sikulia.

Watu msibani walisubiri nilie mpaka wakachoka. Shangazi yangu alinifinya paja, kabisa, akidhani labda nitakurupuka. Wapi! Nilikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi. Unaona koleo linaingia, unasikia jino linavunjika, lakini huhisi kitu.

Baadaye mtu akakamatwa. Saa ikapatikana kwa mfanyabiashara wa mji mwingine, imedondoshwa, imekufa. Kesi ikaenda. Mimi mahakamani sikukanyaga. Aliyekwenda ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Akirudi ananisimulia, mimi nakata kitambaa. Siku aliyoniambia mshtakiwa amefungwa nilisema "sawa", nikaendelea na cherehani.

Waliponirudishia saa nikaipeleka kwa fundi. Kwa nini? Sijui. Kitu kikiharibika kinapelekwa kwa fundi, basi. Ilipopona nikaitia kabatini. Sikuigongesha hata mara moja.

Ndipo akaja huyu mama.

"Nani kakwambia imepona?" nikamuuliza.

"Fundi."

"Ulimjua mume wangu?"

"Hapana, mwanangu."

Wazo la kwanza lililonijia, mchepuko. Halafu nikaziangalia zile mvi na yale magoti yaliyokuwa yakimuuma akisimama tu, nikaona hapana, marehemu nisimsingizie.

Ningeweza kumfukuza. Lakini kumfukuza mtu nako kunataka hasira, na mimi hasira sikuwa nayo. Nikaitoa saa, nikaitia ufunguo.

"Siyo hapa," akasema. "Nenda nayo chumbani. Funga mlango."

Halafu akafanya jambo la ajabu. Alisogea kwenye kona ya sebule, akageukia ukuta unaopakana na chumba, akaegemeza sikio lake pale.

Nikaenda. Nikafunga mlango. Nikasukuma kijiti.

Ikagonga. Nzito, pacha, nyembamba. Nilisimama katikati ya chumba chetu kama mtu anayesubiri foleni benki.

Nilipotoka nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ee Mungu wangu, ndiyo yenyewe."

Kabla sijamuuliza yenyewe nini, shemeji akaingia na mtungi wa gesi begani. Alipomwona aliutua mtungi kwa kishindo.

"Shemeji! Huyu umemwingiza wewe?"

"Unamfahamu?"

"Huyu ndiye aliyemzaa muuaji!"

Nilisubiri. Nilijua hapo ndipo kitu kinatakiwa kipasuke ndani yangu. Nikasubiri kweli. Hakuna.

Mama aliongea palepale sakafuni, macho chini.

"Ni mwanangu wa mwisho. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta tu. Nilisikia kengele zile, nikamuuliza, akasema ni simu. Kisha redioni wakaitaja saa ya daktari, saa inayogonga. Nikaenda polisi mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Na mahakamani ukasema," shemeji akadakia. "Sasa huku umefuata nini?"

"Mahakamani saa ilikuwa imekufa, baba. Hakuna aliyeweza kunigongeshea. Yule aliyeinunua alisema sura ya aliyemuuzia haikumbuki. Mwanangu amefungwa kwa masikio yangu." Akayashika, yote mawili. "Sasa rufaa inasikilizwa. Wakili wake anataka niseme sikuwa na hakika. Wanangu wote wanataka hivyo. Kila siku wananiambia, mama, umezeeka, ulisikia simu. Nikaanza kujiuliza, je, kama kweli ilikuwa simu? Je, kama nimemzika mwanangu akiwa hai?"

"Toka humu ndani," shemeji akasema. "Inuka, toka!"

"Subiri," nikamwambia. "Amesema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo yenyewe. Mimi nilikuwa chumbani, hapa ukutani alikuwa peke yake. Angesema siyo, nani angembishia? Wewe? Mimi?"

Shemeji akakaa juu ya mtungi wa gesi kama kiti, akainamisha kichwa.

Mtoto wa yule mama yuko jela. Neno moja dogo, "siyo", lingeweza kumtoa. Alikuwa amelishika neno hilo mkononi, sebuleni kwangu, bila shahidi. Akaliacha.

Siku ya rufaa nilikwenda. Mara yangu ya kwanza kuingia jengo lile. Nilikaa nyuma.

Alipoulizwa, mama alisimama kwa shida. "Nilisikia," akasema. "Na nimeisikia tena. Ndiyo yenyewe."

Kijana wake alimtazama mara moja tu, akageuza uso. Rufaa ikatupwa.

Watoto wake wakubwa walinyanyuka benchi zima. Binti yake mmoja alipita mbele yake, akasimama, akamwambia taratibu, kama anayemwagiza chumvi, "Kuanzia leo, wewe huna watoto."

Wakatoka wote. Benchi lote akabaki yeye na kipochi chake.

Nikaenda nikakaa karibu naye. Sikumkumbatia, msije mkadhani. Sikumwambia nimesamehe, maana sijui kama nimesamehe, na yeye hakuniuliza. Tulikaa tu, tukiangalia karani akikusanya mafaili.

"Umekuja na nani?" nikamuuliza.

"Peke yangu."

"Na kurudi je?"

Alikitazama kipochi chake.

"Inuka, mama. Twende."

Ndugu msomaji, mpaka leo watu wananiuliza nilihisi nini siku ile. Ukweli ni kwamba sikuhisi chochote. Shemeji naye bado hanielewi vizuri. Ila hili nimejifunza, chukua likusaidie: usingoje moyo uchangamke ndipo utende haki, unaweza kungoja maisha yako yote. Na aliyesema ukweli uliomponza asiachwe arudi nyumbani peke yake. Kumsindikiza si lazima uwe umepona. Miguu inatosha.