Printa Iliyosoma Barua Zangu

Chekeni tu, nimestahili. Mimi ni karani katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na barua pepe ndiyo kwanza imetufikia. Wiki iliyopita nilijitapa kwamba naweza kuunganisha sanduku la barua pepe la ofisi na programu mpya ya kuchapisha, ili barua za wateja wa Ulaya zitoke zenyewe kwenye printa. Nikaunganisha. Bosi akawaita wageni washuhudie. Nilisahau kwamba shoga yangu wa Dar huniandikia kupitia sanduku hilohilo.

Printa ikalia, karatasi ikatoka. Bosi akavaa miwani, akasoma kwa sauti, “Pole shoga. Huyo bosi wako bado anakoroma ofisini akishashiba ugali?”

Akanigeukia taratibu. “Binti yangu, mteja huyu tumjibuje?”